Mwiko wa Harisi

Jumanne, 31 Januari 1995

Daftari hili lilikuwa la shule ya usekretari, lakini shule haijafunguliwa tangu Desemba na sijui kama itafunguliwa. Nina miaka ishirini na mbili, nimekaa nyumbani mtaa wa Jabe nyuma ya duka la vitambaa la Baba, nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama amenikemea mara mbili leo. "We Houda, kaa chini. Unanichokesha macho."

Basi nimekaa, naandika. Habari yenyewe ni hii: Shangazi Hiba, dada yake Baba, amepiga simu kutoka Muscat. Anasema watu wa asili ya Oman walioko huku kwenye vita wanaweza kujaza fomu, na kwamba nikikubaliwa nitakaa kwake. Fomu zinapokelewa na Mzee Massoudi, mwenye duka la vyombo kule Rohero, katikati ya mji. Yeye anazituma kwa faksi Dar es Salaam, na jamaa zetu wa huko wanazipeleka mbele. Ni kwa mimi peke yangu. Baba hawezi kuliacha duka, Bibi anasema atazikwa hapahapa, na Mama hana asili hiyo. Baba amesema wao watafuata baadaye. Hiyo baadaye hakuna aliyeiuliza tarehe.

Nataka kwenda. Siandiki humu ili nijipambe. Nimechoka kusikia mlio na kukisia umetoka mtaa gani, na nani namjua kule. Hata kesho wakisema ingia ndegeni, naingia na kandambili hizi hizi.

Mwezi ukionekana, kesho tunafunga.

Jumatano, 1 Februari

Tumefunga. Mvua tangu alfajiri. Kichwa kinaniuma kwa kukosa chai.

Ijumaa, 3 Februari

Bibi Ghanima, mama yake Baba, ameamua kwamba siendi popote kabla sijajua kupika harisi.

"Utafika kwa watu, watakuuliza wewe ni nani," ameniambia. "Wapikie harisi. Hawatauliza tena."

Bibi ana miaka karibu themanini, sikio moja limeshakataa kazi, lakini kwenye harisi hakuna anayemgusa. Ngano inalowekwa usiku kucha. Inachemshwa na nyama ya mbuzi mpaka mfupa uachie wenyewe, kisha inapondwa na mwiko mkubwa, inapondwa, inapondwa, mpaka ngano isijulikane na nyama isijulikane, inavutika tu. Mwisho anaipakua kwenye sinia, anachimba shimo katikati na kumwagia mawese ya moto. Mawese ya Dévote, jirani yetu anayeuza mafuta na ndagala, dagaa wa ziwani, soko la Jabe. Bibi hachukui ya mtu mwingine.

Mama ndiye anayechagua mawe kwenye ngano. Mama ndiye anayekata nyama, anawasha makaa, anapepea. Ikifika saa ya kuponda, anasogea pembeni na kufuta mikono kwenye kitenge, na Bibi anaingia na mwiko wake. Imekuwa hivyo tangu nipate akili. Bibi anasema mwiko wa harisi unashikwa na mwenye damu yake. Kwa hiyo nyumbani kwetu mwiko ni mwiko, na mwenye kukatazwa ni Mama.

Mama alizaliwa mtaa wa Nyakabiga, akaitwa Ernestine, akalelewa na masista. Sista mmoja alimfundisha kuandika kwa herufi za kulala, na mpaka leo karatasi yake ya sokoni, nyanya, chumvi, kitunguu, unaweza kuitia kwenye fremu. Alipoolewa na Baba alisilimu akawa Mwanvua. Miaka ishirini na tatu anafunga Ramadhani bila kukosa siku aliyoruhusiwa, na Bibi bado anamwita "mama Houda". Si Mwanvua, si mwanangu.

Leo mimi nimeponda nusu saa, mabega yamewaka moto. Bibi anasema napiga kama mtu anayefukuza mbwa.

Jumatatu, 6 Februari

Nimejaza fomu. Acha niieleze yote, maana nilitetemeka na sasa najiona shujaa.

Nilitoka na Baba mapema. Bariyeri ya kwanza, ile ya vijana waliopanga matairi njiani, walitupitishia macho tu, wanamjua Baba. Rohero kulikuwa shwari, watu wa ofisi na mikoba yao kana kwamba hakuna kitu. Baba aliniacha kwa Massoudi akaenda benki.

Mzee Massoudi alikuwa na wateja wa sufuria. Akanipa kalamu na karatasi, akasema, "Jaza, dada. Fomu ni ya Kiarabu lakini unaweza kujibu na herufi yako. Ukishindwa niite."

Sikushindwa. Kiarabu changu ni cha madrasa: herufi nazisoma zote, kuelewa ni bahati. Lakini jina la mtu ni jina la mtu. Houda. Baba: Salem. Babu: Haitham. Mstari wa nne nikausoma polepole, qafu, be, ye, lamu, nikaunganisha. Kabila.

Mkono ukasimama.

Oktoba ya 'tisini na tatu, wiki ile ile rais alipouawa na mambo yakaharibika, Baba alitukalisha sebuleni akatufundisha kama watoto wa chekechea: "Mutu akiwauliza kabila, jibu ni moja. Sina. Mi ni Muswahili. Usiongeze, usipunguze, usiangalie chini." Hutu au Tutsi, ukilitaja moja umemkasirisha wa pili, na huwezi kujua anayekuuliza ni nani. Nimelitoa jibu hilo kwenye bariyeri mara nne. Mara moja mkono wa mtu ulikuwa tayari kwenye kola yangu, akaniachia.

Nikatazama mlangoni. Nikatazama wateja. Nikaandika kwa herufi kubwa: SINA. MIMI NI MSWAHILI.

Massoudi akaichukua, akaitia bahasha bila kuisoma maana mteja alikuwa anagombana naye juu ya kifuniko. Nimerudi nyumbani kifua mbele. Nimejiambia hata Muscat wameanza kuuliza, lakini mimi sikamatiki.

Jumanne, 7 Februari

Mvua. Futari: uji, sambusa za Mama, maharage. Nimegombana na kila mtu isipokuwa paka.

Ijumaa, 10 Februari

Nimeponda tena. Sasa napiga kama mtu anayebembeleza mbwa. Bibi anasema ni maendeleo.

Kila siku saa kumi na moja Dévote anapitisha kibakuli cha maharage ya mawese juu ya ukuta, kwa ajili ya futari yetu, na Mama anarudisha kile kile na sambusa ndani. Dévote ni Mkatoliki na hafungi, lakini anasema harufu ya jikoni kwetu inamfunga kwa nguvu. Leo aliuliza, "Houda, ni lini unatutupa?" Nikacheka. Mama hakucheka.

Jumatatu, 13 Februari

Ville morte. Mji umekufa kwa amri: maduka yamefungwa, hakuna gari, atakayefungua atajuta. Baba anakaa mbele ya mlango wa duka uliofungwa, anausikiliza.

Jumanne, 14 Februari

Bado. Milio upande wa mtoni tangu adhuhuri. Tulisali pamoja sebuleni, Bibi kwenye kiti. Kwenye sijida nilisikia kishindo, nikainuka kabla ya imamu. Imamu ni Baba. Hakuniambia kitu, lakini na yeye aliharakisha.

Jumatano, 15 Februari

Nimefua vitu ambavyo havikuwa vichafu.

Alhamisi, 16 Februari

Leo nataka ardhi inimeze.

Maduka yamefunguliwa asubuhi, na saa nne Mzee Massoudi mwenyewe akatokea kwetu, mtu ambaye haji Jabe labda kuwe na msiba. Mkononi ana faksi kutoka Dar es Salaam, kutoka kwa Mzee Nawaf, wajina wa baba yake Bibi na mkubwa wa jamaa zetu kule. Baba akaisoma kwa sauti kabla ya kujua ina nini. Imeandikwa: "Binti huyu ameandika kwamba hana kabila na kwamba yeye ni Mswahili. Tunaomba ithibitishwe kama ni binti wa Salem kweli, na kama ni wa ndoa."

Baba akaishusha faksi.

"Uliandika nini?" Baba akaniuliza.

Nikamwambia. Nikamwambia na kwa kiburi, Mungu anisamehe, kwamba nilijibu kama alivyotufundisha.

Baba akajishika kichwa. "Kabila ile si hii kabila, mutoto! Waarabu wanauliza ukoo. Ukoo! Sisi ni Riami. Neno moja tu, Riami, ungeandika ile tu."

Massoudi akageuza uso ukutani. Nadhani alikuwa anacheka, na nisingekuwa mimi ningecheka pia. Nimechukua jibu la bariyeri nikalipeleka kwenye fomu. Lakini sikucheka, kwa sababu Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya mchele. Alinyoosha mkono, Baba akampa ile faksi. Akaisoma yote taratibu. Kama ni wa ndoa. Akaikunja mara mbili, vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia. Akakaa chini kuchagua mawe.

Bibi aliposimuliwa kwenye sikio zima akasema, "Mtoto wa Hiba asingekosea hivi."

Nilimtazama Mama. Aliendelea na mchele.

Dawa iko moja. Mkubwa wa nyumba aende kwa Massoudi, apige simu Dar es Salaam, ashuhudie kwamba mimi ni wao. Ataulizwa wazee wote kwa majina, upande wa baba zake na upande wa mama zake. Mkubwa wa nyumba ni Bibi, ambaye kwa baba yake naye ni Riami.

Jumamosi, 18 Februari

Bibi haendi leo. Mguu.

Jumapili, 19 Februari

Mguu umepona, sasa ni kichwa. Mwanamke aliyehimiza safari hii kuliko wote, leo kila ukitaja simu anaomba maji ya kutawadha. Tumekuwa wawili tunaozunguka uani, yeye na fimbo yake, mimi na kandambili.

Jumatatu, 20 Februari

Dévote amekwenda. Mlango una kufuli, kibakuli cha mwisho tumekikuta juu ya ukuta, kitupu, kimejaa mvua. Hatujui kama amevuka ziwa kwenda Uvira au yuko kwa ndugu zake au wapi. Kibakuli ni chake, na kilipaswa kurudi kwake na kitu ndani. Mama amekiosha na kukiweka mbali na vyombo vyetu.

Jumatano, 22 Februari

Ngano ilikuwa imelowekwa, mbuzi amechemka, imebaki kuponda tu. Mama akasema taratibu kwamba mawese yamekwisha, na sokoni hakuna aliyefungua meza ya mafuta.

Bibi akaweka mwiko chini. "Basi leo hatupiki."

"Bibi, samli ipo," nikasema. "Ya kopo, nzima."

"Sitaki samli."

"Lakini Shangazi Hiba anasema Muscat wote wanaweka samli. Alicheka sana kwenye simu, akasema ni nani duniani anamwagia harisi mawese."

Nilifikiri ataniambia ninyamaze. Akakaa kwenye kibao, akatazama ile sufuria. Mama alikuwa anapepea makaa. Hakuondoka, na Bibi hakumwambia aondoke.

"Mama yangu ndiye alianza," akasema.

Tumekua tukijua kwamba mama yake Bibi alikuwa Mwarabu aliyekuja na meli, jina lake Mariamu, mweupe, nywele mpaka kiunoni. Nywele hizo tumezisikia kila Idi. Leo Bibi akasema hakukuwa na meli. Mama yake alitoka ng'ambo ya ziwa, Uvira, aliuza mawese kwenye mtungi, na baba yake Bibi alimuoa pale pale sokoni aliponunua mafuta. Jina Mariamu alipewa. Alipofundishwa harisi na wakwe alipika kama walivyotaka, ila mwisho, walipogeuka, alimwagia mawese. Baba yake Bibi akala. Akaomba tena.

"Aliitwa nani kabla ya Mariamu?" nikauliza.

Akauokota mwiko, akaupangusa.

"Bahizire."

Ndiyo maana mguu. Ndiyo maana kichwa. Kwenye simu watamuuliza jina la mama yake, na katika Ramadhani hataki kudanganya, na kusema kweli hajawahi.

Nilikuwa na hasira nikitaka kumwambia jambo moja tu: miaka ishirini na tatu umemtoa Mama jikoni kwa ajili ya damu, damu gani? Mdomo ulishafunguka. Mama akanitazama juu ya makaa na kutikisa kichwa kidogo. Nikaufunga.

Tumefuturu tende na uji. Sufuria ya harisi imekaa pale, haijapondwa, ni ngano na nyama tu.

Alhamisi, 23 Februari

Mama hakuwepo tangu asubuhi. Baba alisimama barabarani, akaingia, akasimama tena. Mimi nilikwenda mpaka kona mara sita. Mama si kama sisi, uso wake kwenye bariyeri hauwezi kusema "mi ni Muswahili" na ukaaminiwa haraka, na kila mtu nyumbani analijua hilo ingawa halisemwi.

Alirudi alasiri, viatu vimejaa tope, chini ya kitenge chupa ya Fanta iliyozibwa kwa gunzi. Mawese.

"Umetoa wapi?" Baba akamuuliza.

"Kwa watu," akasema. "Mutaacha kunisimamia hivyo? Nimefunga, nimechoka."

Akaiweka chupa mbele ya Bibi. Bibi aliishika kwa mikono miwili, akaitazama muda, akasema, "Kesho kutwa tutakwenda kupiga simu."

Jumamosi, 25 Februari

Naandika baada ya futari, wengine wamelala.

Asubuhi tulipika harisi. Tulifunika bakuli kwa kitambaa ili tumpelekee Mzee Massoudi ya kufuturia, kwa usumbufu tuliompa. Baba alikuwa na homa, hakuweza kusimama. Nikaenda mimi na Bibi, kwa miguu, kwa mwendo wa Bibi, maana teksi zilikataa.

Njia nzima alikuwa anajifunza majibu kama mtoto anayekwenda mtihani. "Wakiniuliza kabila nasema Riami. Wakiniuliza baba, Nawaf bin Said. Wakiniuliza mama..." Hapo anameza mate. "Bahizire, wa Uvira." Tukapiga hatua kumi, anaanza tena.

Bariyeri ya matairi ina watu wapya. Watano, hakuna niliyemjua. Mmoja ana koti la mvua la kike, kisu kirefu kimetulia mkononi kama kalamu. Akaniita na kidole.

"Carte yako."

Nikampa kitambulisho. Akakipindua. "Kabila gani?"

Nikafungua mdomo kusema sina, na Bibi akanitangulia. Alikuwa amesikia neno moja tu, lile alilolisubiri tangu asubuhi. Akajinyoosha na fimbo yake, akainua kidole, akatangaza barabara nzima isikie: "Kabila, Riami. Baba yangu Nawaf bin Said. Mama yangu Bahizire, wa Uvira, muuza mawese."

Mimi nilipeleka jibu la bariyeri kwenye fomu, na Bibi ameleta jibu la fomu kwenye bariyeri.

Kijana akamtazama. "Riami ni kabila gani hiyo?"

"Nini?"

"Riami!"

"Ndiyo, Riami," akasema Bibi, amefurahi kwamba amesikika.

Wenzake wakaanza kucheka. Yeye hakucheka. Akafunua bakuli kwa ncha ya kisu, akaona harisi na lile shimo jekundu la mawese. Akanusa. Kisha akanigeukia mimi, akaweka macho usoni pangu na hakuyatoa.

"Wewe apana Mwarabu. Mama yako ni nani?"

Swali hilo kwenye mafunzo ya Baba halikuwepo. Jina la Mwanvua halitamtosha, atauliza la kwanza, na la kwanza ni Ernestine wa Nyakabiga, na baada ya hapo ataanza kupima pua. Nikahisi mkono wa Bibi umeshika kiwiko changu kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Safari hii alisikia vizuri kabisa.

"Mama yake ni mtoto wangu," akasema.

"Mtoto wako wa kumzaa?"

"Mtoto wangu," akasema Bibi. "Unataka nini tena? Nimefunga, jua linaniumiza, na wewe hujambo."

Yule wa pili akasema kwa Kirundi, muache mukecuru, mwanamke mzee huyo, ni Waswahili hao. Aliyeshika kisu akafunika bakuli mwenyewe, akatunyooshea njia.

Tukafika kwa Massoudi. Huko Bibi alishika simu, akaulizwa, akajibu yote, na alipofika kwa mama yake alilitaja jina la Bahizire bila kumeza mate. Nadhani alikuwa ameshalizoea. Mzee Nawaf akasema upande wa pili, sauti inakwaruza, kwamba ushahidi umetosha. Fomu mpya italetwa, binti aijaze mwenyewe, asirudie upuuzi.

Jumapili, 26 Februari

Bibi amemuuliza Baba kama mtu akisema uongo akiwa amefunga, saumu imebatilika. Baba akauliza uongo gani. Bibi akafikiri sana, akasema, "Basi, acha."

Jumatano, 1 Machi

Fomu mpya imefika. Massoudi ataichukua siku ya Idi baada ya swala, kuna mtu anasafiri nayo kesho yake. Ikikosa hiyo, hakuna tena.

Nimeisoma mara tatu. Jina langu, baba, babu, kabila. Mstari wa mama hakuna. Mama yake Bibi walimuuliza kwenye simu, mama yangu hawana pa kumweka. Nilisema mezani kwamba siiandiki. Nilisema watu wasiomtaka Mama na mimi siwataki. Mwanzoni mwa Ramadhani ningeandika chochote, ningeandika kwamba baba yangu ni ngamia, wapate kunitoa hapa. Sasa kalamu inanishinda.

Mama akanivuta mpaka jikoni, akafunga mlango. Sijawahi kumuona hivyo.

"Mi nilikuomba unitie mu karatasi?"

"Mama, wewe ndiye..."

"Nisikilize. Dévote ameenda. Wa kule nyuma wameenda. We unaniletea heshima, mi heshima sitaki. Nataka niamuke asubuhi nikijua hapa hauko." Akageuka kuchochea makaa. "Andika, Houda."

Nikasema siandiki. Nimelia, yeye hakulia.

Alhamisi, 2 Machi

Mwezi umeonekana. Fomu iko juu ya redio, tupu. Ngano imelowekwa.

Ijumaa, 3 Machi. Idi

Baba alirudi msikitini saa mbili. Jikoni tulikuwa watatu. Mama alikuwa amemaliza yake yote: mawe, nyama, makaa. Ilipofika saa ya kuponda akasogea pembeni na kufuta mikono kwenye kitenge kama siku zote. Bibi alisimama mbele ya sufuria, mwiko mkononi, hakuuchovya.

"Ernestine," akasema.

Tuligeuka wote wawili. Sikuwahi kulisikia jina hilo katika mdomo wake. Mama naye alichelewa kujua kwamba ndiye anayeitwa.

"Shika," Bibi akamwambia. "Nilisema neno barabarani, mbele ya wale vijana, na nilikuwa nimefunga. Nisije nikaulizwa juu yake."

Mama hakuupokea mara moja. Alinitazama mimi, akautazama mwiko. Kisha akaushika, akapanda kibao, akaanza kuponda. Hakuuliza inavyofanywa. Miaka ishirini na tatu ya kutazama kutoka pembeni, mikono yake ilikuwa inaijua kazi kuliko yangu. Bibi alikaa kwenye kiti akisikiliza mapigo kwa sikio lake zima, na hakusahihisha hata pigo moja. Mawese ya chupa ya Fanta yaliyobaki yalitosha shimo.

Tumekula wote sinia moja. Kibakuli cha Dévote Mama amekijaza akakiweka juu ya ukuta, na kiko pale hata sasa.

Saa nane Massoudi akabisha hodi, kanzu mpya, haraka. "Fomu iko tayari, dada?"

Ilikuwa juu ya redio. Nikasema, "Mzee, samahani, mi..."

Mama akanipita. Mikono yake bado ilikuwa na mafuta. Akaifuta vizuri, kidole kwa kidole. Akachukua kalamu, akaivuta ile karatasi mezani. Hajui Kiarabu, akaniuliza mstari ni upi. Nilimwonyesha, sikuwa na nguvu ya kukataa tena. Akaandika jina langu. Akaandika la Baba, la babu. Kwenye mstari wa nne, hapo penye kabila, akaandika Riami, taratibu, kwa zile herufi za kulala za masista, akairudia ile nukta ya mwisho mpaka ikakolea. Akapuliza wino ukauke. Akamkabidhi Massoudi.

"Binti aliambiwa aijaze mwenyewe," Massoudi akasema, kwa upole.

"Ni mwandiko yake," Mama akamjibu.

Massoudi ameondoka nayo. Kama nitakubaliwa, kule Muscat kutakuwa na karatasi yenye mwandiko huo, na watasema ni wangu. Wangu hauwezi kuwa mzuri vile.